Je, wajua kwa nini wafuga nyuki hushika unyoya badala ya brashi?

Inua sega lililojaa asali kutoka mzingani na utalikuta limevikwa nyuki pande zote mbili. Lazima watoke kabla sega halijaingia kwenye ndoo. Moshi hufukuza baadhi yao, na kulikung'uta sega huangusha wengi zaidi, lakini hawakosi wanaong'ang'ania. Hao hufagiwa. Zipo brashi ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, ila wafuga nyuki wengi, tangu zamani, hutumia unyoya mmoja mrefu wa bawa la bata bukini, na hawautumii kwa kukosa brashi.

Sababu inaanzia kwenye mguu wa nyuki. Kila mguu huishia kwa kucha mbili zilizopinda, na katikati yake kuna kijimto laini chenye kunata. Kwa kucha hizo nyuki hujishikiza kwenye nta na hata kwa wenzake. Sasa mpitishie brashi. Kila unywele wa brashi umesimama peke yake, na kati ya mmoja na mwingine kuna mwanya. Mguu huingia mwanyani, kucha hunasa, na nyuki huburutwa na kuviringishwa akiwa hai. Atajitetea, na ana haki.

Akijitetea, hatoi mwiba peke yake. Hutoa pia harufu ya kuwaita wenzake, ambayo kiungo chake kikuu ni isopentili asetati, kemikali inayonukia kama ndizi mbivu. Wanasayansi waliitambua kwa nyuki mwaka 1962. Nyuki wengine wakiipata harufu hiyo huamka na kutafuta adui. Mwiba ukibaki katikati ya nywele za brashi, harufu nayo hubaki hapo, na mfugaji anaendelea kuisambaza kutoka sega hadi sega bila kujua. Ndiyo maana mzinga uliokuwa mtulivu unaweza kubadilika ghafla kwa ajili ya nyuki mmoja aliyenaswa.

Unyoya umeundwa kwa namna nyingine kabisa. Kutoka kwenye mhimili wake wa katikati huchipuka vinyoya vyembamba, na kila kimoja kina vingine vidogo zaidi vyenye vikulabu visivyoonekana kwa macho. Vikulabu hivyo hushikana na jirani zao mfano wa zipu. Upasue unyoya kwa kidole, kisha upapase kuelekea nchani: utaona umejifunga tena. Ndege hufanya hivyo kwa mdomo kila siku. Kwa hiyo kinachomgusa nyuki ni kama karatasi moja nyororo, isiyo na mwanya wa kucha kuingia. Na mkono ukizidisha nguvu, mhimili hupinda kwanza kabla nyuki hajabanwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ubora wake hasa, maana ulaini peke yake hata brashi inao.

Si kila unyoya unafaa. Manyoya madogo ya kifuani ni mepesi mno, hayamsogezi nyuki. Yanayotakiwa ni yale marefu ya kurukia, ya bata bukini au ya bata mzinga (ambaye jina lake limekutana na mzinga wa nyuki kwa bahati tu). Ukiutazama unyoya wa bawa utaona upande mmoja wa mhimili ni mwembamba na mgumu, wa pili ni mpana na mlaini. Fagia kwa upande mpana. Ule mwembamba ufae kumsukuma nyuki mmoja mmoja kwenye ukingo wa mzinga kabla ya kufunika. Wala hakuna haja ya kumnyonyoa ndege: bata bukini hupukutisha manyoya yote ya kurukia mara moja kwa mwaka.

Mkono nao una adabu yake. Mapigo yawe mafupi, mepesi, ya kuelekea upande mmoja. Kusugua kwenda na kurudi huwakera. Unyoya ukishika asali, uoshe kwa maji na uukaushe, kwani wenye kunata huwapaka nyuki na kuwashikanisha mabawa.

Kuna masega ambayo kuyakung'uta ni kosa, na hapo ndipo unyoya unapohitajika kuliko kitu kingine. Sega lenye seli za malkia likikung'utwa, malkia mchanga aliye ndani anaweza kudhurika. Sega jipya, ambalo nta yake bado ni laini na linaning'inia kwenye kipande kimoja tu cha mbao, linaweza kukatika na kuanguka na kila kilichomo. Haya hufagiwa polepole, yakiwa yamesimama wima kama yalivyokuwa mzingani.

Jambo la mwisho ni ugonjwa. Bakteria wa Paenibacillus larvae, anayeozesha majana (watoto wa nyuki walio bado kwenye seli), huacha mbegu zinazoweza kuishi kwa zaidi ya miaka 30, na kifaa kilichopita kwenye mzinga mgonjwa huweza kuzipeleka kwenye mzima. Brashi iliyonunuliwa mtu huiona hasara kuitupa, akaiosha na kuendelea nayo. Unyoya huchomwa moto siku hiyo hiyo, ukachukuliwa mwingine.