Kabla hujapiga plasta, tuongee taa

Juzi nimeitwa Mbezi Beach kwenye nyumba moja nzuri mno, sebule ndefu, jipsamu limepigwa kwa ufundi, nikanyanyua macho nikahesabu spotlaiti 36 na zote ziko kwenye swichi moja. Ukiwasha panakuwa kama duka la simu, ukizima ni giza totoro. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Kaka, usiku huku ndani hatukai kabisa, tunaishia barazani."

Taa si chache wala si za bei rahisi, tatizo ni kwamba mwanga wote unashuka kutoka juu. Mtu akikaa kwenye kochi anapata kivuli chini ya macho, anaonekana mchovu, na ukuta wa marumaru uliolipiwa hela nyingi hauonekani.

Mimi nikipewa ramani sianzii kwenye dari, naanzia kwenye fenicha. Kochi linakaa wapi, nani anasomea wapi, meza ya chakula itakuwa upande gani. Hapo ndo napanga tabaka tatu: mwanga wa jumla, wa kazi na wa kupamba, kila tabaka na laini yake na swichi yake. Kwahiyo fundi umeme lazima ajue mapema kabla hajachimbia paipu ukutani, maana ukishapiga plasta kuongeza laini ni kubomoa.

Jikoni watu wanakosea sana. Taa ya dari iko nyuma yako, unakata kitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe, wakati stripu ya LED chini ya kabati za juu, ikae upande wa mbele wa kabati, inamaliza kazi. Kioo cha bafuni nacho kinataka taa kulia na kushoto usawa wa uso. Juu ya meza ya chakula, taa ya kuning'inia iwe sentimita 75 hadi 90 kutoka mezani, ikipanda zaidi inawachoma watu macho.

Sasa tabaka la kupamba, hapa ndo napapenda. Nyumba nyingi za pwani wanarudisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama za Lamu na Unguja. Ficha stripu nyuma ya ukingo wa kidaka, mwanga upite ubavuni, utaona kila mchongo wa chokaa unatoa kivuli chake kidogo, ukuta unakuwa hai. Ila kwenye plasta ya kawaida taa ikibana ukuta inaanika kila bonde aliloacha fundi, hapo isogeze mbali na ukuta sentimita 60 mpaka 90.

Rangi ya mwanga: sebuleni na vyumbani kelvini 2700 au 3000, jikoni hata 4000 sawa, ile 6500 yenye ubluu usiilete kabisa nyumbani. Angalia na CRI, yaani kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi za vitu, iwe 90 kwenda juu, la sivyo mbao za mninga zinafifia na chakula kinakosa rangi. Ukitaka dima, ile swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, nunua taa inayokubali dima na dima inayoendana nayo, zisipopatana taa inachezacheza. Na draiva, kile kiboksi kinachoipa LED umeme wake, iwekwe mahali mkono unafika tafadhali, nishakata dari la watu kutafuta draiva iliyofungiwa humo.

Pale Mbezi tumebakiza spotlaiti 14, tukazigawa laini mbili, tukaongeza taa mbili za kusimama pembeni ya makochi na stripu kwenye zidaka vitatu. Saa moja jioni tulivyowasha zidaka na zile za kusimama tu, watoto wakabeba madaftari yao kutoka barazani wakaingia ndani wenyewe.