Koni ya kimbunga: inachosema na isichosema

Kimbunga kikianza kujikusanya Atlantiki, kuna ramani moja inayosambaa kuliko zote: alama ya kimbunga baharini, na mbele yake eneo jeupe linalotanuka kama mdomo wa tarumbeta. Mtu huitazama, akautafuta mji wake, akiukuta nje ya mstari anashusha pumzi. Hapo ameshakosea, ingawa simlaumu sana. Ukimchorea mtu mpaka, ataamini kuna ndani na nje.

Ramani hiyo hutolewa na Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, na watu wameizoea tangu 2002. Eneo linalotanuka ndilo koni ya utabiri: sehemu ambamo kitovu cha kimbunga huenda kikapita. Kitovu tu. Upepo haumo, mvua haimo, wala maji ya bahari yatakayosukumwa nchi kavu hayamo. Kimbunga kinaweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita, na koni inafuatilia nukta iliyo katikati yake.

Namna inavyochorwa ndiyo inayoeleza kila kitu. Wataalamu huweka vitone pale wanapotarajia kitovu kitakuwa baada ya saa 12, saa 24, saa 36, hadi siku ya tano. Kila kitone kinazungushiwa duara. Ukubwa wa duara haubuniwi siku hiyo. Unatokana na makosa ya kituo chenyewe. Huchukua utabiri wa miaka mitano iliyopita, wakapima umbali kati ya mahali walipotaja na mahali kitovu kilipofika kweli, kisha duara likapewa upana wa kutosha kubeba theluthi mbili ya makosa hayo. Kwa saa 12, kutoka katikati hadi ukingoni ni kama kilomita 50. Kwa siku ya tano ni zaidi ya kilomita 350. Unganisha kingo za maduara yote, umepata koni.

Theluthi mbili, basi. Iliyobaki iko nje ya mstari. Yaani takriban mara moja katika kila tatu, kitovu hupita nje ya koni, na hapo hakuna aliyevurunda: ndivyo ilivyopimwa. Isitoshe, vipimo vya maduara hupangwa mara moja kwa mwaka, vikatumika kwa vimbunga vyote vya msimu huo katika bahari hiyo. Kwa hiyo koni kutanuka hakumaanishi kwamba kimbunga nacho kitatanuka. Maana yake ni kwamba siku ya tano inajulikana kwa shida kuliko kesho.

Mfano ambao watabiri hawausahau ni kimbunga Charley, Agosti 13, 2004. Siku hizo mstari mweusi wa katikati ya koni ndio uliotazamwa zaidi, nao ulielekea ghuba ya Tampa, Florida. Kimbunga kikakata kona mapema, kikatua kisiwa cha Cayo Costa na kuupiga mji wa Punta Gorda, kusini zaidi. Wengi walisema kimewashtukiza. Lakini Punta Gorda ilikuwa ndani ya koni, na onyo la kimbunga lilikuwa limeshatolewa. Watu walikuwa wamesoma mstari, hawakusoma eneo. Miaka 18 baadaye, Septemba 28, 2022, kimbunga Ian alitua pale pale Cayo Costa, baada ya siku kadhaa ambazo macho mengi yalikuwa tena Tampa. Bahari ikaingia Fort Myers Beach na kuzoa nyumba.

Charley alikuwa na jambo jingine: ndani ya saa chache alipanda kutoka daraja la 2 hadi la 4, katika madaraja matano ya nguvu za vimbunga. Kupata nguvu ghafla namna hiyo kuna kipimo chake rasmi, nacho ni upepo kuongezeka kwa angalau kilomita 55 kwa saa katika muda wa saa 24. Njia ya kimbunga siku hizi hutabirika vizuri kuliko zamani, ila nguvu bado inasumbua. Oktoba 2023, Otis ilikuwa dhoruba ya kawaida ya tropiki, yaani haijafikia kuwa kimbunga, upande wa Pasifiki wa Meksiko. Siku moja baadaye ilitua karibu na Acapulco ikiwa daraja la 5. Koni haina pa kuonyesha jambo hilo. Kuna herufi ndogo tu kwenye vitone: S kwa dhoruba ya tropiki, H kwa kimbunga, M kwa kimbunga kikubwa, cha daraja la 3 kwenda juu. Ukiona S ya leo imefuatwa na M ya kesho, hiyo ndiyo habari, hata kama koni haijasogea hata kidogo.

Na hayo madaraja nayo hupima upepo peke yake. Katrina mwaka 2005 ilitua ikiwa daraja la 3, na bado maji yakapanda zaidi ya mita 8 pwani ya Mississippi. Helene, Septemba 2024, ilitua Florida, lakini mafuriko yake yaliua watu wengi milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pale ilipoingilia.

Mwenye kutaka kujua kama yeye yumo hatarini aangalie maneno mawili yanayochanganywa kila mwaka. Angalizo la kimbunga linasema upepo wa kimbunga unawezekana eneo lako. Onyo linasema unatarajiwa. La kwanza hutolewa kama saa 48 kabla, la pili saa 36. Saa hizo hazihesabiwi hadi kitovu kifike, bali hadi upepo wa kilomita 63 kwa saa uanze, kwa sababu ukishaanza huo, kupanda ngazi kuziba madirisha kwa mbao ni kujitafutia kifo. Tangu 2017 maji ya bahari yana onyo lake pia, tofauti na la upepo, na mji unaweza kupewa moja bila jingine.

Taarifa kamili hutoka kila baada ya saa sita: kwa majira ya Miami, saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Picha ya koni inayozunguka kwenye simu mara nyingi ni ya taarifa mbili tatu zilizopita, imekatwa pembeni, na saa iliyoandikwa juu imekwenda na kipande kilichokatwa.