Bunduki ya Marehemu Iko Texas, Mrithi Yuko New Jersey

Mzee amefariki Houston. Kabatini ameacha bastola moja na bunduki ya kuwindia kulungu. Mwanawe wa kwanza anaishi New Jersey. Matanga yakiisha wazee wanakaa, wanaamua silaha akabidhiwe huyo kijana, na usiku ule ule zinatiwa kwenye buti la gari. Maswali ya namna hii hukifikia kituo chetu cha msaada wa kisheria kutoka kwa familia za Afrika Mashariki na Kongo zinazoishi Marekani, na mengi huja safari ikiwa imeshakwisha.

Tuanze na sheria ya shirikisho. Tangu 1968, raia wa kawaida asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kumkabidhi silaha mkono kwa mkono mkazi wa jimbo jingine, hata wakiwa baba na mwana. Inabidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, ambaye humkagua anayepokea. Bastola hupitia kwa muuzaji wa jimbo anakoishi mpokeaji. Bunduki ndefu ina nafasi kidogo zaidi, kwani muuzaji wa jimbo jingine anaweza kuikabidhi iwapo sheria za majimbo yote mawili zinakubali.

Mirathi imetolewa nje ya katazo hilo. Silaha inayomfikia mtu kwa wosia, au kwa mgawo wa kisheria pale marehemu alipokufa bila wosia, inaweza kuvuka mpaka wa jimbo bila kupita dukani, ilimradi mrithi anaruhusiwa na sheria za jimbo anakoishi kuwa nayo. Wengi huisoma sentensi hiyo nusu. Hushika "mirathi imesamehewa" na kuacha sharti la mwisho, na sharti hilo ndilo linalowaingiza watu matatani.

Kwanza, lazima iwe mirathi kweli. "Baba alinipa mwenyewe alipokuwa hospitalini" ni zawadi ya mtu aliye hai, na zawadi inayovuka jimbo hupita kwa muuzaji mwenye leseni. Uamuzi wa kikao cha ukoo nao, pamoja na heshima yake yote, haumpi mtu hati. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama. Vilevile, kaka aliyerithi bastola kihalali kisha akaona ni heri amwachie dada yake wa Ohio, hapo mirathi imekwisha. Anachofanya sasa ni uhamisho mpya kati ya watu wawili wa majimbo mawili, na kanuni ya dukani inarudi.

Pili, mrithi mwenyewe. Sheria ya shirikisho inawazuia watu wa makundi kadhaa wasimiliki silaha kabisa, na wosia hauwafungulii mlango. Wamo waliotiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1, waliotiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani hata likiwa kosa dogo, na walio chini ya aina fulani za amri za mahakama za kuwalinda wenzi wao. Watumiaji wa dawa za kulevya wamo pia, na bangi inahesabiwa hata katika jimbo lililoihalalisha. Kwa jamii zetu kuna kundi jingine la kulitazama kwa makini: walioingia kwa viza ya muda, mathalani wanafunzi na wageni, ambao wamezuiwa isipokuwa kwa hali chache, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hayumo katika katazo hilo. Kwa hiyo ndugu wawili, tumbo moja, wanaweza kuwa mmoja anaruhusiwa kurithi na mwingine akiigusa tu bastola ya baba yake amevunja sheria.

Halafu kuna jimbo, na hapa ndipo penye kazi. Texas haimdai mtu kibali cha kumiliki bastola nyumbani. New Jersey inamruhusu mrithi kuipokea bila kile kibali cha ununuzi, lakini awe mtu ambaye angestahili kukipata; asiyestahili hupewa hadi siku 180 za kuiuza au kuiondoa. California inataka mrithi awe na cheti cha usalama wa silaha kabla ya kuipokea, na ataarifu idara ya sheria ya jimbo ndani ya siku 30. Illinois ina kitambulisho chake maalumu cha wamiliki wa silaha. New York haisubiri arobaini: msimamizi wa mirathi anaweza kukaa na silaha ya marehemu siku 15 tu, na kama hajaihamisha kihalali, inapelekwa polisi ihifadhiwe wakati familia inatafuta njia. Magazini za risasi zaidi ya 10, ambazo Texas hazimshtui mtu, zimepigwa marufuku California, New York na New Jersey. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, basi piga simu polisi wa jimbo unakoishi wiki ile ile unayosafiri.

Kuhusu safari yenyewe, sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayepita majimbo yenye masharti makali, mradi silaha ni halali kule alikotoka na kule aendako. Iwe haina risasi, wala isiwe mahali pa kufikiwa kutoka kwenye viti. Gari lisilo na buti lililojitenga linahitaji kisanduku kilichofungwa kwa kufuli, na kile kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiki.

Ulinzi huo ni mwembamba kuliko unavyosikika. Mwaka 2005 msafiri mmoja kutoka Utah alikuwa akielekea Pennsylvania na bastola aliyoitangaza uwanjani kama inavyotakiwa. Alikosa ndege ya kuunganisha pale Newark, New Jersey, akachukua begi lake, akalala hotelini. Asubuhi alirudi kaunta, akaitangaza tena, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa, lakini alipodai haki yake, mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2010: alipokuwa hotelini na begi mkononi, silaha ilikuwa inafikika, na ulinzi ukakoma. Tunawashauri ndugu zetu wapendelee njia ya muuzaji kwa muuzaji, hata pale sheria haiwalazimishi. Ada si kubwa, na inabaki karatasi inayoonyesha silaha ilipotoka. Kampuni kama UPS na FedEx hazipokei silaha kutoka kwa mtu asiye na leseni, na sheria ya 1927 iliweka marufuku ya kutuma bastola kwa posta. Wazo la kuipeleka nyumbani Kenya au Tanzania linahitaji vibali vya serikali zote mbili kabla haijaondoka, jambo ambalo familia nyingi hukuta halina faida.

Ukifungua kabati ukakuta bunduki inayomimina risasi mfululizo, kizuia sauti, au shotgani iliyokatwa mtutu ukawa chini ya inchi 18, usiisogeze. Silaha hizo zinasimamiwa na sheria ya 1934. Zilizosajiliwa kwa jina la marehemu huhamishiwa mrithi kwa Fomu ya 5 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, bila kodi, na msimamizi wa mirathi ndiye anayeomba. Hazitoki mikononi mwake mpaka fomu irudi imeidhinishwa. Isiyosajiliwa haiwezi kusajiliwa leo na mrithi yeyote. Kwa hiyo msimamizi, baada ya kuzungumza na wakili, awapigie ATF wa eneo lake waje kuichukua.