Krimu ya salfa ukeni: inapofaa na isipofaa

"Naomba krimu ya kuwashwa huku chini." Sisi wafamasia tunalisikia ombi hili kila mara, mara nyingi kwa sauti ya chini na macho yakitazama pembeni. Anayeomba anawashwa na ana haya, anataka jambo liishe leo. Lakini kuwashwa, harufu na uchafu ukeni ni dalili za magonjwa zaidi ya moja, na dawa ya huu si dawa ya ule. Krimu na vidonge vya kuweka ukeni vya salfa, kundi la dawa za kuzuia bakteria, ni miongoni mwa dawa kongwe kabisa kwa tatizo hili. Wapo ambao bado wanaandikiwa, na wapo wanaoazimwa bomba lililobaki la dada au jirani. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi.

Salfa zilikuja kabla penisilini haijaanza kutumika hospitalini. Mwaka 1935 Gerhard Domagk, mtafiti wa Ujerumani, alitangaza matokeo ya Prontosil, dawa iliyoponya panya walioambukizwa bakteria hatari. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo salfa ziliwekwa karibu kila penye maambukizi, uke ukiwemo.

Zinafanyaje kazi? Bakteria wengi hujitengenezea wenyewe folati, vitamini wanayoihitaji ili wazaliane, na malighafi yao mojawapo ni kemikali iitwayo PABA. Molekuli ya salfa inafanana mno na PABA, kwa hiyo kimeng'enya cha bakteria huinasa yenyewe badala ya PABA, na utengenezaji wa folati unakwama. Bakteria hafi papo hapo. Anashindwa kuzaliana, kisha kinga ya mwili inammaliza. Binadamu hapati shida hiyo kwa sababu folati yake anaila kwenye chakula.

Ukishaelewa hilo, maelekezo mengine yanajieleza. Dawa isiyoua papo hapo haiachwi siku ya pili eti kwa kuwa muwasho umepungua. Penye usaha na seli nyingi zilizokufa pana PABA tele, hivyo salfa hupungua nguvu. Na usipake pamoja nayo krimu ya ganzi yenye benzokaini ili kutuliza muwasho, maana benzokaini ikivunjika mwilini hutoa PABA ileile. Utakuwa unawalisha bakteria kile ulichokusudia kuwanyima.

Sasa tuje kwenye magonjwa yenyewe. Linaloongoza kwa kuchanganya watu ni vajinosisi ya bakteria. Uke wenye afya una bakteria rafiki, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuuweka kwenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya takriban 3.8 hadi 4.5. Hao wakipungua, bakteria wengine hujaa, akiwemo Gardnerella. Mwanamke huona ute mwembamba wa kijivujivu wenye harufu ya samaki, inayozidi baada ya kujamiiana. Muwasho unaweza usiwepo kabisa. Kwa miaka mingi tatizo hili lilitibiwa kwa mchanganyiko wa salfa tatu, kwa krimu au kwa vidonge vya kuweka ukeni. Kisha mwaka 1978 watafiti wa Seattle, Marekani, wakachapisha matokeo ya kulinganisha tiba: krimu ya salfa ilishindwa, metronidazo ikaponya. Leo tiba ni metronidazo ya kumeza au jeli yake ya ukeni, au krimu ya klindamaisini. Kwa maoni yangu, anayeandikiwa salfa kwa vajinosisi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Fangasi ni habari nyingine. Hapa muwasho ni mkali, mashavu ya uke huwa mekundu na kuvimba, uchafu ni mweupe wa mabongemabonge na kwa kawaida hauna harufu mbaya. Krimu ya salfanilamidi ya asilimia 15 ilikubaliwa nchini Marekani kwa fangasi aina ya Candida albicans, na maelekezo yake yalikuwa kuitumia mara moja au mbili kwa siku hadi siku 30. Linganisha na klotrimazo, ambayo hutumika kwa siku chache tu, na kuna kidonge chake cha ukeni cha miligramu 500 kinachowekwa mara moja. Ndiyo maana salfa imebaki nyuma.

Trikomonasi husababishwa na kimelea cha seli moja. Usitegemee salfa, tiba ni metronidazo ya kumeza, na mwenzi lazima atibiwe naye, la sivyo mtarudishiana. Kisonono na klamidia huota kwenye shingo ya kizazi na zinaweza kupanda juu hadi kwenye mirija. Hakuna krimu ya ukeni inayozitibu.

Ndiyo maana kipimo hutangulia. Mtoa huduma huchukua ute kidogo, hupima pH kwa karatasi maalumu, hudondoshea tone la dawa ya potasiamu kuona kama harufu inatoka, kisha huangalia kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Pale ambapo hadubini haipo, hutibu kwa kufuata dalili, lakini hata hapo anakuuliza na kukuangalia kwanza.

Ikiwa umepimwa na ukaandikiwa salfa ya ukeni, itumie hivi. Weka dawa usiku unapokwenda kulala, isichuruzike. Nawa mikono. Fungia kifaa cha kuingizia dawa kwenye mdomo wa tyubu, minya mpaka kijae kipimo ulichoelekezwa, kisha kifungue. Lala chali, kunja magoti, ingiza kifaa taratibu bila kulazimisha, halafu sukuma kijiti chake hadi mwisho. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana kifaa kichafu hurudisha ugonjwa. Vaa pedi nyembamba kulinda nguo. Hedhi ikianza, endelea na dozi, ila tumia pedi badala ya tamponi, kwani tamponi hunyonya dawa. Usijisafishe ndani kwa maji, sabuni wala ndimu. Jizuie na tendo la ndoa hadi umalize; krimu zenye mafuta zinaweza kudhoofisha kondomu za mpira.

Wengi hudhani dawa ya kupaka haina madhara kwa kuwa haimezwi. Ngozi laini ya uke hunyonya salfa na kuipeleka kwenye damu. Kwa hiyo kama uliwahi kupata vipele au kuvimba kwa kotrimoksazo, ile wengi waiitayo Septrin, au kwa dawa ya malaria ya SP, sema kabla hujapewa, maana zote mbili zina salfa. Mzio mkali wa salfa unaweza kubabua ngozi, mdomo na macho. Ni nadra, lakini huua. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu, wakaona mkojo wa rangi nyeusinyeusi na macho ya njano. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asiitumie bila daktari: salfa huing'oa bilirubini, ile rangi ya njano ya damu, kwenye protini inayoishikilia, nayo inaweza kuingia kwenye ubongo wa mtoto mchanga. Mama anayenyonyesha kichanga naye aulize kwanza.

Neno moja kuhusu krimu nyeupe ya kuungua, salfadiazini ya fedha. Ni salfa kweli, na iko kwenye masanduku mengi ya huduma ya kwanza, lakini imetengenezwa kwa ngozi iliyoungua. Isiwekwe ukeni.

Acha dawa na urudi kituoni mara moja ukiona vipele, malengelenge au mwasho mpya unaozidi ule wa awali. Rudi pia kama siku chache zimepita bila nafuu, kama una homa, maumivu chini ya kitovu au unatokwa damu nje ya hedhi, na kama tatizo limejirudia mara nne au zaidi ndani ya mwaka. Fangasi wanaojirudia namna hiyo humfanya daktari apime sukari na VVU. Ukienda, chukua tyubu uliyotumia hata kama imeisha, ili asikuandikie tena dawa ileile iliyoshindwa.