Mkutano wa ana kwa ana si semina

Timu ya mbali ni ile ambayo kila mmoja anafanyia kazi anakoishi. Timu mseto ina walio ofisini na walio nje. Mkutano wa ana kwa ana wa timu hizo ni kuwaleta wote mahali pamoja kwa siku chache. Maana yenyewe haina mgogoro.

Mgogoro uko kwenye ratiba. Waraka unasema "tutakutana ana kwa ana Morogoro", kumbe ni slaidi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mkurugenzi anampisha mhasibu, mhasibu anampisha mgeni rasmi. Hiyo ni semina. Slaidi hizo mtu angeweza kuzitazama kwake, bila nauli wala posho.

Watazame watu wa Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta. Tangu 1993 kazi yao hupita mtandaoni, na wametapakaa duniani kote. Hata hivyo, mwaka 2000 walikutana Bordeaux, Ufaransa, na mkutano huo, DebConf, ukawa wa kila mwaka. Mada zake hurushwa mtandaoni moja kwa moja, kwa hiyo aliyebaki nyumbani hapitwi na hotuba. Wanaosafiri wanafuata mengine. Kabla ya mada kuna DebCamp, siku za kukaa pamoja na kusukuma kazi zilizokwama. Katikati ya wiki kuna siku ya matembezi. Kuna usiku wa jibini na mvinyo, watu wakileta vya kwao, desturi iliyoanzia Helsinki mwaka 2005. Halafu kuna kutiana saini funguo za kidijitali, yaani alama za kompyuta zinazoonyesha kazi imetoka kwa nani: unamwona mwenzako, unakagua kitambulisho chake, ndipo unathibitisha kwamba ufunguo ule ni wake kweli. Saini hizo ndizo zinazowafanya watu wasioonana mwaka mzima waaminiane kwenye kazi. Miaka ya 2020 na 2021 walikutana mtandaoni kwa sababu ya korona; 2022 wakafunga safari hadi Prizren, Kosovo.

Linaloniudhi zaidi ni kuita "ana kwa ana" kikao ambacho wa Dar wako ukumbini na wa Kigoma yuko kwenye Zoom. Anasikia kicheko asijue wamecheka nini. Ubao hauoni. Mtandao ukimkatikia, kikao kinaendelea kana kwamba hakuwepo. Hicho ni kikao mseto, kinafaa kwa taarifa ya wiki. Kwa mjadala mzito, heri kila mtu awe kwenye skrini yake, wawe sawa.

Kwa hiyo, ndugu mwandaaji, slaidi zitume mapema watu wazisome. Morogoro wapeleke wote, hata wa Kigoma, na muda wa mgeni rasmi wape wale waliokuwa wakirushiana barua pepe za ukali, wakae meza moja. Bajeti isipotosha, iite semina tu. Semina nayo ina kazi yake.