Herufi moja haiui kompyuta

Hapa Lamu, wengi waliopata kompyuta kuukuu zenye Ubuntu, mfumo endeshi kama Windows, wameambiwa kwamba kusakinisha programu kwa kuandika amri ni kazi ya mafundi, na kwamba ukikosea herufi moja mashine inaharibika.

Hofu hiyo ina sababu. Dirisha la amri halina picha wala vitufe, na mara nyingi ukiandika nywila hakionekani kitu. Mtu hudhani kibodi imekwama. Haijakwama: nywila inafichwa makusudi, hata urefu wake. Iandike yote, kisha ubonyeze Enter.

Na ukikosea jina, ukaandika “vllc” badala ya “vlc”, programu ya kuchezea video? Apt, programu inayosakinisha nyingine, itasema haikipati kifurushi hicho, yaani programu hiyo, na kusimama hapo. Zaidi ya hayo, apt huchukua vifurushi kwenye hazina ya mtandaoni na kuhakiki saini za kidijitali kwanza. Mimi naona hiyo ni salama kuliko programu ya kwenye flashi iliyozunguka Mkomani hadi Langoni.

Jionee mwenyewe. Andika “apt show vlc” usome maelezo, halafu “apt install -s vlc”. Hiyo “-s” huonyesha kitakachofanyika bila kubadilisha chochote, wala haiombi nywila.

Pa kuogopa ni pengine: amri uliyoinakili bila kuielewa, hasa inayoanza na “sudo”, kwa kuwa hiyo huipa mamlaka yote. Ukikuta “rm” ndani yake, hiyo hufuta mafaili. Andika kwanza “man rm” usome maelezo yake kabla ya kuitumia amri uliyoinakili.