Yale maandishi ya urembo kwenye majina ya mtandaoni si fonti, ni herufi nyingine kabisa

Ukiingia kwenye grupu lolote la kuchati au gemu lolote la mtandaoni lazima ukutane na mtu jina lake limekaa hivi 𝓡𝓮𝓱𝓮𝓶𝓪 au hivi ℝ𝕖𝕙𝕖𝕞𝕒, na hapo hapo kuna mtu atauliza umetumia fonti gani, mbona kwangu hiyo fonti sina. Jibu ni kwamba hajatumia fonti yoyote. Hata zile saiti zinazojiita za kutengeneza fonti, unaandika jina juu zinakushushia staili kibao chini, fonti hazigusi kabisa, zinachofanya ni kung'oa herufi zako na kupachika nyingine zinazofanana nazo kwa macho. Ukishalishika hili moja basi mambo mengine yote, kwa nini jina linatokea visanduku, kwa nini ukilisachi hulipati, kwa nini apu imelikataa, yanakuja yenyewe.

Fonti ni nguo. R ukiivisha nguo nene au ya mlazo bado ni R ileile, na ukiikopi kuipeleka sehemu nyingine inavua nguo inavaa za huko ilikoenda, ndo maana jina uliloliandika kwa wino mnene kwenye Word ukilipesti kwenye profaili linarudi la kawaida. Ila 𝓡 ukiikopi inafika na mikunjo yake yote. Ile mikunjo si nguo, ndo mwili wenyewe.

Sasa inakuwaje kuwe na R zaidi ya moja? Simu haihifadhi mchoro wa herufi, inahifadhi namba. Mwaka 1963 huko Marekani walitoa jedwali linaloitwa ASCII, nafasi zake 128 tu, R kubwa ikakaa kwenye 82, herufi ndogo zikaingia baadaye kidogo a ikapata 97, na namba hizo zinatumika mpaka leo. Nafasi 128 zinatosha Kiingereza, na sisi wa Kiswahili tunapita humo humo bila shida, lakini Kiarabu, Kiamhari, Kichina hawana pa kukaa, kwa hiyo kila sehemu ikajitengenezea jedwali lake na faili ukimtumia mtu wa mbali linafunguka limejaa takataka. Unicode ndo ilikuja kumaliza hiyo vurugu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 1991, na wazo lake ni rahisi sana, kila alama ya kila mwandiko duniani ipewe namba yake ambayo haigongani na ya mwingine. Nafasi zilizopo ni 1,114,112, na zilizojazwa mpaka sasa zimepita 150,000, kwa hiyo bado kuna eneo kubwa tupu.

Na humo ndani ya hizo laki na nusu ndo wamejificha akina 𝓡. Hawakuwekwa kwa ajili ya urembo hata kidogo, waliwekwa kwa ajili ya hisabati. Kwenye hesabu staili ya herufi ina maana, x nene inaweza kuwa vekta, yani kitu chenye ukubwa na mwelekeo, na x ya mlazo ikawa namba tu ya kawaida, sasa ukituma hesabu hiyo kwa maandishi yasiyo na fonti zote zinakuwa x moja na hesabu imeharibika. Kwa hiyo mwaka 2001, kwenye toleo la 3.1, Unicode wakaingiza karibu herufi elfu moja za hisabati: nene, za mlazo, za mwandiko wa mkono, za Kijerumani cha kizamani, zenye mistari miwili, kila moja na namba yake. Watu wa hesabu wakapata walichotaka na sisi wengine tukakuta alfabeti nzima za urembo zimekaa mezani.

Tuangalie kwa karibu saiti inavyofanya kazi ukiandika Rehema ukachagua staili nene. Inachukua R ambayo ni 82, inatoa 65 ambayo ni namba ya A, inabaki 17, inajumlisha na 119808 ambako ndo inaanzia A nene ya hisabati, inapata 119825, hiyo ni 𝐑. Inachukua e ambayo ni 101, inatoa 97 ya a, inabaki 4, inajumlisha na 119834, inapata 119838, hiyo ni 𝐞. Inaenda hivyo mpaka mwisho unapata 𝐑𝐞𝐡𝐞𝐦𝐚. Basi, hamna kingine, ni kutoa na kujumlisha, mtu aliyejifunza programu wiki moja anaweza kuiandika.

Ila chagua staili ya mlazo uone. Hesabu ileile ikifika kwenye h inatua kwenye namba 119893, na nafasi hiyo ni tupu, haina herufi. Kisa ni kwamba h ya mlazo ilikuwa imeshasajiliwa zamani kwenye namba 8462 kama konstanti ya Planck, ile ya fizikia, wakaona hakuna haja ya kusajili kitu kimoja mara mbili. Saiti iliyotengenezwa kwa haraka haina habari, inakupa 𝑅𝑒▯𝑒𝑚𝑎 na kisanduku katikati, wewe unadhani simu yako mbovu. Iliyotengenezwa kwa umakini inajua iende kuichukua 8462, unapata 𝑅𝑒ℎ𝑒𝑚𝑎, na ukikazia macho kwenye simu nyingine hiyo h inakaa tofauti kidogo na wenzake. Hata ile ℝ ya mistari miwili ya pale juu haitoki kwenye kundi la 2001, ni alama ya namba halisi kwenye hesabu na ilikuwa na nafasi yake kabla. Mimi vitu kama hivi ndo vinanifurahisha, unaona kabisa historia imebaki ndani ya jina la mtu.

Si zote zinatoka hesabu. Zile pana Ｒｅｈｅｍａ zimetokana na kompyuta za Asia Mashariki, kule kila alama inakaa kwenye mraba wake sawasawa, kwa hiyo walihitaji herufi za Kilatini zinazojaza mraba mzima, na Unicode ikazibeba ili mafaili ya zamani yasiharibike. Za kwenye duara Ⓡ ni za kuorodheshea vipengele. Zile kubwa zilizopunguzwa kimo, ʀᴇʜᴇᴍᴀ, ni za wataalamu wa matamshi ya lugha, ndo maana x ya namna hiyo haipo na saiti zinapachika x ya kawaida tu zikitegemea hutaona. Na jina lililopinduliwa, ɐɯǝɥǝɹ, nalo sehemu kubwa ni alama za matamshi: ɹ ndo r ya Kiingereza jinsi inavyotamkwa, ɯ ni irabu ambayo sisi hatuna, zikapangwa kinyumenyume zikaonekana kama mtu kapindua simu.

Kwenye magemu huko ndo mchanganyiko kabisa. Ile ꧁ ya mwanzo na ꧂ ya mwisho ni mapambo ya mwandiko wa Kijava wa Indonesia, ya kupambia vichwa vya maandishi. Ile inayoonekana kama sura inayocheka, ツ, ni silabi ya Kijapani inayosomeka tsu. Ile ༒ inayopendwa kwa kuwa inafanana na msalaba ni alama ya mwandiko wa Kitibeti. Wale wenye majina yasiyoonekana kabisa wengi wanatumia herufi tupu ya Kikorea, namba 12644, apu inaihesabu ni herufi halali lakini kwenye skrini hamna kitu. Na yale majina yanayomwagika juu na chini mpaka yanafunika mstari wa mwenzako, pale kuna herufi moja imebebeshwa alama nyingi za kuunganishwa, yani zile kama mkwaju na nukta mbili za juu ya herufi. Kila moja haisimami peke yake, inapanda juu ya herufi iliyotangulia, na hakuna anayekuzuia kupandisha ishirini.

Visanduku sasa. Namba ikifika kwenye simu lazima kuwe na fonti yenye mchoro wa namba hiyo, ikikosekana simu inachora kisanduku. Jina halijapotea, namba ipo vilevile, mchoro ndo haupo, na ndo maana wewe unaona sawa na mwenzako mwenye simu ya zamani anaona ▯▯▯▯▯▯. Jambo linaloendana na hilo ni urefu. Rehema ya kawaida inachukua baiti 6, baiti ni kipimo cha nafasi ya kuhifadhia, 𝐑𝐞𝐡𝐞𝐦𝐚 inachukua 24, na kuna mifumo inayohesabu kila herufi ya hesabu kama mbili, ndo unakuta jina la herufi sita limeambiwa limezidi wakati macho yako yanaona nafasi bado ipo.

Kwenye kusachi ndo watu wanaumia bila kujua. Mtu anaandika rehema, wewe uko kwenye mfumo kama namba nyingine kabisa, hamkutani. Unicode wenyewe wanao utaratibu unaoitwa NFKC wa kurudisha herufi hizi kwenye asili yake, na mfumo ukiutumia basi 𝓡, Ｒ na Ⓡ zote zinarudi kuwa R na unapatikana. Lakini ʀᴇʜᴇᴍᴀ hairudi, na lililopinduliwa halirudi, kwa sababu zile si R zilizopambwa, ni herufi zinazojitegemea. Kwa hiyo kama unafanya biashara au unataka watu wakupate, jina la kusachiwa liache la kawaida, urembo uweke pembeni yake.

Kuna kitu kingine ambacho mimi nilikuwa sikijui na nilijisikia vibaya nilipokijua. Kwenye grupu moja niliko kuna kaka haoni, anatumia simu kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Akatuambia kwamba baadhi ya majina yetu kwake hayasomeki, lingine linarukwa kimya kama vile hakuna mtu, lingine anasomewa herufi moja moja na jina lake refu la Unicode, kitu kama "R kubwa nene ya mwandiko ya hisabati", halafu e hivyo hivyo, halafu h, mpaka jina liishe na meseji yenyewe hajaifikia. Fikiria grupu la watu mia. Programu nyingine siku hizi zinajua kuzigeuza, nyingine hazijui, wewe unayeandika hujui mwenzako anatumia ipi. Nilibadilisha langu siku ileile nikaacha nyota moja tu mwishoni.

Na utapeli nao umo humu humu. Kuna а ya Kirusi yenye namba 1072, kwa macho ni ileile a yetu ya 97 hata ukiikuza, kwa hiyo mtu anaweza kufungua akaunti yenye jina la admini wako, picha yake, kila kitu, na huoni tofauti. Hata makampuni makubwa yameshaumwa. Mwaka 2013 Spotify, wale wa muziki, walikuta kwamba mtu akijisajili kama ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ, kwa hizo herufi ndogo za juu, mfumo wao ukilisafisha jina mara ya kwanza unapata BIGBIRD, ukilisafisha tena unapata bigbird, na bigbird alikuwepo ni mtu mwingine. Yule wa ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ anaomba kubadilisha paswedi ya akaunti yake, anatumiwa linki, akiitumia paswedi inayobadilika ni ya yule mwingine. Ilibidi warekebishe.

Ndo maana apu nyingi zimetenganisha vitu viwili. Jina la kuonyesha unapamba unavyotaka, yuzanemu haikubali. Instagram kwenye yuzanemu wanapokea herufi za kawaida, tarakimu, nukta na kistari cha chini tu, X, ile iliyokuwa Twitter, hata nukta hawapokei. Kwa hiyo akikufuata mtu mwenye jina na picha ya unayemjua anakuomba hela au namba ya siri iliyoingia kwenye meseji, usiangalie lile jina la juu, bonyeza profaili usome yuzanemu herufi kwa herufi. Ikiwa unamjua kama rehema na pale pameandikwa rehema_, si yeye.